Seftriaksoni, piperasilini-tazobaktamu au meropenemu: uanze na ipi kwa mgonjwa wa sirosisi?

Mgonjwa wa sirosisi (ini lililojaa makovu) mwenye maji tumboni anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Ndugu watakwambia tu, "Tangu jana haongei vizuri," au, "Mkojo umepungua." Daktari wa zamu anajua cha kushuku: maji ya tumbo yameingiwa na bakteria. Kinachomuumiza kichwa ni dawa ya kuanza nayo, kwa sababu seftriaksoni, iliyokuwa jibu la kila mtu kwa miaka mingi, siku hizi inakutana na bakteria wasioijali.

Nazilinganisha hapa dawa tatu za sindano zinazogombaniwa kwenye kazi hiyo, kisha dawa za kumeza za kinga. Nawaandikia hasa matabibu na madaktari vijana wa zamu, ila ndugu wa mgonjwa naye asome, maana ndiye anayetumwa famasi na ndiye anayelipa. Dozi nitakazotaja ni za mtu mzima mwenye figo nzuri. Na msimamo wangu nauweka mapema: usianze kwa kuuliza ipi kali. Uliza maambukizi ameyapatia wapi, na katika miezi mitatu iliyopita amemeza nini au amechomwa nini.

Ameyapatia wapi

Bakteria wengi wanaokutwa kwenye maji haya wametoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Ini likishajaa makovu, damu hukwama nyuma yake, ukuta wa utumbo huvimba na kuvuja, bakteria wakavuka. Ini ambalo lingewachuja halina tena nguvu hiyo. Kwa hiyo atakayekutwa tumboni ni yule aliyekuwa akiishi utumboni siku hizo, na wakazi wa utumbo hubadilika kila mtu anapomeza siprofloksasini ya duka la dawa au anapolala wodini wiki mbili.

Madaktari wa Hospital Clínic ya Barcelona walilipima jambo hili kwa wagonjwa wa sirosisi na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Kwa maambukizi yaliyoanzia nyumbani, bakteria sugu kwa dawa nyingi walihusika katika asilimia 4 tu. Kwa watu wa kuingia na kutoka hospitalini ilikuwa asilimia 14. Kwa yaliyoanzia wodini, asilimia 35. Ini ni lile lile, bakteria ni tofauti kabisa.

Mwaka 2019 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 1302 katika vituo 46 vya Asia, Ulaya na Amerika. Kwa jumla asilimia 34 ya maambukizi yenye bakteria waliooteshwa maabara yalikuwa ya bakteria sugu, na India ilikuwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi. Afrika haikuwa na kituo hata kimoja ndani yake, kwa hiyo anayezisoma takwimu hizo akiwa Mwanza au Kisumu lazima azisome kwa tahadhari. Lakini tusijifariji kwamba kwetu bado. Mwaka 2005 tayari ilikuwa imechapishwa kazi kutoka Muhimbili kuhusu watoto wenye maambukizi ya damu: waliopata bakteria wenye kimeng'enya cha kuvunja dawa za jamii ya seftriaksoni walifariki asilimia 71, na wasio na bakteria wa aina hiyo asilimia 39. Hao ni watoto, si wagonjwa wa ini. Ila bakteria hao wapo mjini kwa miaka zaidi ya 20, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, huo unaofupishwa UVIDA kwenye mabango ya wizara, haukuanza na mabango.

Basi mgonjwa wako mweke katika kundi moja kati ya matatu. Wa kwanza katoka nyumbani, hajalazwa wala kutumia antibiotiki miezi mitatu. Wa pili naye katoka nyumbani, ila hospitali ni kama kwake: anakuja kutolewa maji mara kwa mara, alilazwa mwezi uliopita, anasafishwa figo, au anameza dawa ya kinga kila siku. Wa tatu alikuwa amelazwa kwa jambo jingine, tuseme kutapika damu, na dalili zikaanza baada ya saa 48 wodini.

Seftriaksoni: kwa wa kwanza, bado haijashindwa

Gramu 1 hadi 2 kwa mshipa, mara moja kwa siku, siku 5 hadi 7. Ni rahisi kuipata, bei yake inabebeka, muuguzi anaidunga mara moja akaendelea na kazi nyingine, na figo zikiyumba hulazimiki kupiga hesabu mpya ya dozi. Inawakamata E. coli wa kawaida, Klebsiella wa kawaida na streptokoki, ambao ndio wengi kwa mgonjwa wa nyumbani. Haiwagusi enterokoki, bakteria wengine wa utumbo, na haiwawezi wale wenye kimeng'enya nilichokitaja.

Ubaya wake mkubwa ni umaarufu wake. Inadungwa kwa kikohozi, kwa tumbo, kwa "homa isiyoeleweka", hata kwa malaria iliyokwisha kuthibitishwa. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu, sawa na meropenemu na piperasilini-tazobaktamu, jambo linalowashangaza wengi, kwa sababu wodini inachukuliwa kama dawa ya kuanzia kila kitu. Mgonjwa wa ini aliyekwisha dungwa seftriaksoni siku tano zahanati kabla ya kuletwa kwako si wa kundi la kwanza tena, hata kama hajawahi kulala kitanda cha hospitali.

Wengine hufikiri watainusuru kwa kuongeza jentamaisini. Kwa mwenye sirosisi usifanye hivyo kama kuna njia nyingine yoyote. Figo zake zinaning'inia kwenye uzi, na dawa za jamii ya jentamaisini huzimaliza. Utaua bakteria ubaki na mgonjwa asiyekojoa.

Piperasilini-tazobaktamu: ya katikati, lakini ijue mipaka yake

Gramu 4.5 kila saa 6 au 8. Ina upana kuliko seftriaksoni: inamfikia Pseudomonas, Enterococcus faecalis na bakteria wasiotaka hewa. Mwongozo wa Ulaya wa 2018 unaikubali kwa maambukizi ya wodini pale ambapo bakteria sugu ni wachache. Hapo penye "pale ambapo" ndipo penye kazi, kwa sababu hospitali isiyootesha sampuli haijui kama iko pale au haipo.

Karatasi ya maabara inaweza kukuambia kwamba bakteria aliyeishinda seftriaksoni anaguswa na dawa hii. Usiikimbilie kwa mgonjwa mahututi. Jaribio la MERINO, lililochapishwa 2018, liliwachukua watu wenye E. coli au Klebsiella sugu kwa seftriaksoni ndani ya damu. Waliotibiwa kwa piperasilini-tazobaktamu walifariki asilimia 12.3 ndani ya siku 30. Waliopewa meropenemu asilimia 3.7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Baadaye vipimo viliporudiwa kwa njia bora zaidi tofauti ilipungua, kwa sababu baadhi ya bakteria walikuwa sugu kwa dawa hiyo pia bila kugundulika. Kwangu hilo linaongeza wasiwasi badala ya kuupunguza: kama maabara za jaribio la kimataifa ziliwakosa, ya kwetu itawapata?

Zingatia pia kwamba ukiichanganya na vankomaisini, antibiotiki nyingine ya sindano, kriatinini (kipimo cha figo kwenye damu) hupanda kwa wengi. Kwa mgonjwa wa ini huo ni mchanganyiko wa kuogopa.

Meropenemu: kwa wa tatu, na kwa wa pili aliyezidiwa

Gramu 1 kila saa 8. Kimeng'enya kinachoivunja seftriaksoni hakiiwezi hii. Pseudomonas wengi pia inawamudu. Wanaoishinda ni Enterococcus faecium, stafilokoki sugu kwa methisilini, na wale bakteria wapya zaidi wenye kimeng'enya cha kuivunja meropenemu yenyewe. Hao wa mwisho wakikukuta unabaki na kolistini, dawa inayoumiza figo, na chache nyingine ambazo hospitali nyingi za mikoa hazina.

Ushahidi wa moja kwa moja kwa wagonjwa wa ini ni mdogo lakini una uzito. Kundi la Padova nchini Italia mwaka 2016 liliwachukua wagonjwa kama 30 waliopata maambukizi ya maji ya tumbo wakiwa wodini. Nusu walipewa seftazidimu, binamu wa seftriaksoni, nusu wakapewa meropenemu pamoja na daptomaisini, dawa ya enterokoki na stafilokoki sugu. Kwa seftazidimu walipona asilimia 25, kwa ule mchanganyiko asilimia 86.7. Kuishi siku 90 hakukutofautiana kati ya makundi, ila aliyekosa kuitikia dawa ya kwanza, vyovyote iwavyo, alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Maana yake kwa mgonjwa wa wodini hupati nafasi ya kujaribu jaribu.

Bei ndipo familia zinapokwama. Vichupa vitatu kwa siku kwa siku saba ni vichupa 21, na mara nyingi ndugu hununua vya siku mbili halafu wanaanza kupigiana simu za mchango. Ukijua hilo litatokea, sema mapema. Meropenemu ya siku mbili ikifuatiwa na seftriaksoni kwa sababu ya mfuko, bila majibu ya maabara, ni mpango mbovu kuliko yote niliyoitaja.

Wagonjwa wawili, usiku mmoja

Tuwawekee sura. Kitanda cha 4, mama wa miaka 50, ana homa ya ini B, tumbo limejaa, kaja na homa na maumivu. Hajawahi kulazwa. Binti yake kaleta mfuko wa dawa: tenofovia ya virusi, spironolaktoni ya kukojoza, basi. Kitanda cha 9, baba wa miaka 46 aliyeletwa siku sita zilizopita akitapika damu. Alidungwa seftriaksoni kwa ajili hiyo, kama inavyotakiwa, damu ikakata, na leo jioni kachanganyikiwa na presha imeshuka.

Mama anapata seftriaksoni. Kumpa meropenemu "ili tuwe salama" ni kuitumia bure dawa ambayo mwezi ujao huenda ndiyo atakayoihitaji. Baba anapata meropenemu sasa hivi, usiku huu huu, na kama hospitali ina dawa ya kuwafikia enterokoki na stafilokoki sugu, inaongezwa. Kumrudishia seftriaksoni ni kumpa dawa ambayo bakteria wake wametoka kuishi nayo siku sita.

Kitanda cha 7 ndicho kigumu, huyo wa kundi la pili, anayetolewa maji kila baada ya wiki tatu. Kama presha yake imetulia na hana historia ya bakteria sugu, naanza na piperasilini-tazobaktamu. Kama presha imeshuka, au faili lake lina jibu la zamani la bakteria aliyeishinda seftriaksoni, nampeleka upande wa meropenemu. Wenzangu wengine hapa watatofautiana nami, na hospitali yenye takwimu zake za maabara ifuate takwimu zake.

Maji kwanza, sindano baadaye

Yote hayo yanategemea kitu kimoja kinachorukwa kila siku: kuyachukua maji ya tumbo kabla ya dozi ya kwanza. Huko Marekani, utafiti wa 2014 ulionyesha kwamba waliotolewa sampuli ndani ya saa 12 walifariki hospitalini asilimia 13, na waliocheleweshwa zaidi ya hapo asilimia 27.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Mgonjwa analala chali, amegeuka kidogo kushoto. Unagonga kwa vidole upande wa kushoto chini mpaka usikie mlio uliofifia, vidole viwili juu ya mfupa wa nyonga na viwili kuelekea kitovuni. Unasafisha, unapiga ganzi, unaingiza sindano. Kabla hujaanza, chupa mbili za kuoteshea damu ziwe pembeni, vifuniko vimefutwa spiriti. Mililita 10 ndani ya kila chupa, hapo hapo kitandani. Ukiyapeleka maji maabara kwenye kopo la kawaida, bakteria wachache waliomo mara nyingi hawaoti. Mengine yaingie kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau kwa ajili ya kuhesabu seli. Usiyahukumu kwa macho. Maji maangavu kabisa yanaweza kuwa na maambukizi.

Nyutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, wakifika 250 au zaidi kwa milimita moja ya ujazo, unatibu bila kusubiri uoteshaji. Hospitali isiyo na mashine inaweza kuhesabu kwa hadubini na kioo cha kuhesabia seli, fundi wa maabara anajua. Utepe wa kupimia mkojo usiutegemee kwa maji haya. Ukikuta limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, ndizo zimejaa, fikiria kifua kikuu cha tumbo, ambacho kwetu si cha kusahau, hasa kwa anayeishi na VVU. Ukiotesha wakatoka bakteria wa aina tatu kwa pamoja, muite daktari wa upasuaji, maana huenda utumbo umetoboka.

Ndugu wengi wanaamini kwamba mgonjwa "akitolewa maji anakufa." Wanasema hivyo kwa sababu wamewaona waliotolewa maji wakafa, na waliowaona wengi wao waliletwa wamechelewa. Wajibu kwa upole, wala usiwafokee. Kinachochukuliwa ni mililita 50 hivi. Na damu kuchelewa kuganda kwenye karatasi ya maabara si sababu ya kuahirisha, wala huhitaji kumwongezea plazma kwanza.

Baada ya saa 48, chukua tena. Nyutrofili wasiposhuka angalau kwa robo, dawa imeshindwa au utambuzi si huo. Kwa hospitali isiyo na uoteshaji, hicho kipimo cha pili ndicho mwamuzi pekee kati ya dawa tatu. Na majibu ya uoteshaji yakija yakisema seftriaksoni inatosha, ishushe meropenemu siku hiyo hiyo. Madaktari wengi huona haya kushusha dawa kwa mgonjwa anayeendelea vizuri, na mimi sijui haya hiyo ni ya nini.

Kama pesa ni ya kitu kimoja: antibiotiki kubwa au albumini?

Swali hili huulizwa dirishani kwa mfamasia, na jibu langu linategemea kitanda. Mwaka 1999, jaribio la Hispania liliwapa wagonjwa 126 sefotaksimu, binamu mwingine wa seftriaksoni, nusu yao wakaongezewa albumini, protini ya damu inayotolewa kwa mshipa. Figo ziliharibika kwa asilimia 33 ya wasioipata na asilimia 10 ya walioipata. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 29 dhidi ya 10. Ni antibiotiki chache zinazoweza kujivunia tofauti kama hiyo.

Dozi ni gramu 1.5 kwa kilo siku ya kwanza na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 90, kisha 60. Chupa ya mililita 50 ya asilimia 20 ina gramu 10, kwa hiyo zinahitajika chupa 15. Si pesa ndogo. Faida kubwa wanaipata wenye kriatinini iliyopita miligramu 1 au bilirubini (rangi ya manjano kwenye damu) iliyopita 4 kwa desilita. Kwa mama wa kitanda cha 4, akiwa katika hali hiyo, ningewaambia ndugu waache ndoto za meropenemu, wanunue seftriaksoni na albumini. Kwa baba wa kitanda cha 9 siwezi kusema hivyo. Yeye antibiotiki ikikosea, albumini haitamwokoa.

Dawa za kinga: siprofloksasini, Septrini au rifaksimini

Aliyepona maambukizi haya ana uwezekano mkubwa wa kuyapata tena. Utafiti wa 1990 ulionyesha kwamba norfloksasini, ndugu wa siprofloksasini, miligramu 400 kila siku ilishusha kujirudia ndani ya mwaka kutoka asilimia 68 hadi 20. Ilikuwa habari njema, na kwa miaka mingi ikafuatwa. Gharama yake ilionekana baadaye: wanaoimeza muda mrefu hupata bakteria sugu zaidi. Kwa hiyo kinga si ya kila mwenye maji tumboni. Ni ya aliyekwisha kuugua, ya anayetapika damu (huyu apewe kwa siku zisizozidi saba), na ya wachache ambao maji yao yana protini chini ya gramu 15 kwa lita huku ini na figo zimechoka sana.

Norfloksasini imekuwa adimu, mahali pake pameshikwa na siprofloksasini miligramu 500 kwa siku. Tatizo la eneo letu ni kwamba dawa hii imemezwa sana kwa mkojo, kwa tumbo na kwa kujinunulia, na bakteria wengi wa utumbo wameizoea. Septrini ya miligramu 960 kwa siku ni ya bei ndogo na inapatikana hata vijijini, na mgonjwa anayeishi na VVU huenda anaimeza tayari. Lakini ina mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha: inapandisha potasiamu, na mgonjwa huyu huyu anameza spironolaktoni inayopandisha potasiamu pia. Ukimwandikia zote mbili, panga kipimo cha potasiamu ndani ya wiki ya kwanza. Huwezi kukipata? Basi mpe siprofloksasini. Kwa anayeweza kupimwa, na hasa aliyekwisha kumeza siprofloksasini nyingi, nachagua Septrini.

Pamoja na hayo, lipekue lile faili uone kama kuna omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, isiyo na sababu. Wengi wanaimeza kwa mazoea, na kwa mwenye sirosisi inahusishwa na maambukizi zaidi. Kuiondoa hakugharimu chochote.

Rifaksimini, antibiotiki ya kumeza inayofanya kazi utumboni, ni ghali, na kazi yake iliyothibitika ni kuzuia kuchanganyikiwa kunakojirudia. Ilidhaniwa haileti usugu wa maana kwa kuwa haiingii sana kwenye damu. Mwaka 2024 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba inamfanya Enterococcus faecium awe sugu kwa daptomaisini, ile ile ya Padova, dawa ambayo mgonjwa hajawahi hata kuionja. Kwa mwenye kuchanganyikiwa kunakojirudia, na mwenye uwezo wa kuinunua, aendelee nayo. Kwa kinga ya maji ya tumbo peke yake siichagui.